Maji ya Karatasi na Blanketi la Michenga

Wiki iliyopita Neema wa zamu ya mchana aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp la kiwanda cha karatasi: "Mama Roza shikamoo. Karatasi ikifika mbichi kwenye rola, si tunakaza tu?" Nilimjibu marahaba, nikaandika "hapana", nikaweka simu chini. Baadaye nikaona jibu hilo ni fupi mno. Nyuma ya hiyo "hapana" kuna kosa ambalo nusura limwondoe kabisa mtu kwenye mashine aliyoijua kuliko sisi wote, na aliyekosa nilikuwa mimi. Sasa nimestaafu, nina muda, na mvua inanyesha. Acheni niandike.

Siku yangu ya kwanza nilidhani nimeelekezwa jengo lisilo lenyewe. Nilitegemea kuona karatasi, nikakuta maji. Yalikuwa yakitiririka chini ya mashine, yakirudi kwenye matangi, yakilowesha sakafu hadi tukavaa gambuti kutwa nzima. Mimi ni mtoto wa Michenga, maji ya mafuriko nimeyazoea tangu nikiwa mgongoni, lakini hapa nilishangaa. Nilimuuliza mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, "Karatasi ziko wapi?" Akachota kikombe kutoka kwenye tangi la mbele akanipa. Ndani mlikuwa na kitu kama uji wa mgonjwa asiyetaka kula.

"Hiyo ndiyo karatasi," akasema. "Ndoo moja ya nyuzi, karibu ndoo mia za maji. Kazi yetu si kutengeneza karatasi, binti. Kazi yetu ni kutoa maji. Karatasi inabaki yenyewe."

Huyo alikuwa Mzee Komba, mkuu wa mashine, mtu wa Songea aliyekuja bondeni kwetu kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akaishia kwetu. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo: kilinunua makapi ya miwa yaliyokwisha kukamuliwa, kikayapika na kuyasaga kuwa rojo, kikatoa karatasi nzito ya kaki kwa ajili ya mifuko na kufungashia. Mzee Komba alikuwa haamini kipimo chochote kabla ya kiganja chake. Alichukua rojo, akalifinya kama anayetengeneza tonge la wali, akatazama maji yanavyopita kati ya vidole. Yakitoka meupe na haraka, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Yakitoka polepole yakiwa na utelezi, aliwafuata watu wa kuchekecha makapi, maana alijua ule moyo laini wa muwa haukuondolewa vizuri. Moyo huo unakunywa maji kama sifongo na kuyang'ang'ania. Mara nyingi alikuwa amepatia, jambo lililowaudhi watu wa maabara.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kilikuwa kutazama pwani. Rojo linapomwagwa juu ya wavu unaokimbia, mwanzoni lina mng'ao wa maji. Linavyozidi kwenda, maji yanadondoka chini, na mahali fulani mng'ao unakatika ghafla, uso unakuwa mkavu wa kufifia. Mstari huo ndio Mzee Komba aliuita pwani. "Sisi watu wa bara pwani yetu ni hii," alisema. Pwani ikisogea mbele, ujue maji yanachelewa kutoka. Ikirudi nyuma, yanatoka upesi mno na nyuzi zitakaa kwa mafungu. Nilikaa miezi mitatu kazi yangu ikiwa ni kuitazama pwani na kupiga kelele inaposogea. Mama aliponiuliza kazini nafanya nini, nilishindwa kumweleza kwamba nalipwa kwa kutazama maji yanakauka.

Lakini niliipenda kazi ile. Nilianza kujiuliza mambo ambayo sikuwahi kuyawaza. Kwa nini maji mengine yanadondoka yenyewe na mengine yanagoma? Mzee Komba alinieleza kwamba ndani ya karatasi kuna maji ya aina tatu. Kuna maji ya kupita, haya hayana ugomvi, ukiyapa wavu yanaondoka. Kuna maji yaliyokaa kati ya nyuzi, haya lazima uyakamue kwenye rola. Na kuna maji yaliyoingia ndani ya uzi wenyewe, haya hayasikii lolote isipokuwa moto, ndiyo maana mwisho wa mashine kuna ngoma za mvuke. Maajabu ni kwamba hayo ya mwisho ndiyo machache, na ndiyo yanayokula kuni zote.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa kwenye rola. Karatasi mbichi haiwezi kupita peke yake kati ya vyuma viwili, itasagika. Inapita ikiwa imelala juu ya kitambaa kinene cha sufu na nailoni, kikubwa kama ua wa nyumba, kisicho na mwanzo wala mwisho kwa sababu kimefumwa kama mkanda. Sisi tulikiita blanketi. Rola zikibana, maji yanatoka kwenye karatasi yanaingia kwenye blanketi, na blanketi linayatema chini. Wakati rola zinaachia, karatasi inapumua, na katika kupumua huko inanyonya tena sehemu ya maji iliyotoka kuyatoa. Nilikataa kuamini hadi nilipopima mwenyewe: karatasi iliyochelewa kuachana na blanketi ilikuwa na uzito zaidi. "Karatasi ina tamaa," alisema Mzee Komba. "Ikishakamuliwa, itenganishe upesi na maji yake."

Kwa hiyo blanketi ndilo lilikuwa moyo wa sehemu yetu. Likiziba matundu yake, maji hayana pa kwenda. Na hapa ndipo penye jibu lako, Neema. Ukikaza rola wakati maji hayana njia, hayatoki. Yanakimbilia pembeni ndani ya karatasi yenyewe na kuzisukuma nyuzi, na karatasi inavurugika kama maziwa yaliyoganda kisha yakatikiswa.

Blanketi likichakaa lilivuliwa na kupewa mfanyakazi. Kulikuwa na orodha ukutani, na zamu yako ilipofika ulikuwa mtu wa bahati. Wengine walilifanya zulia, wengine godoro. Lakini watu wa bondeni tulilitaka kwa jambo moja tu: kuanikia mpunga. Halipitishi unyevu wa ardhi upesi kama mkeka, na halipati joto la kuvunja punje kama turubai. Katika mwaka wangu wa nne jina langu lilikuwa la kumi na moja kwenye orodha.

Mwaka huo, kama kila mwaka, tulisimamisha mashine wakati wa masika, kwa kuwa miwa haivunwi na makapi hayaji. Mimi niliachiwa kuosha blanketi na kulitunza stoo hadi mashine iwashwe. Nililiosha vizuri kwa maji ya moto, nikatia saini kwenye kitabu. Blanketi lenyewe lilikuwa bado zima, lina miezi mingi ya kazi mbele yake.

Siku chache kabla ya kuwasha mashine nikapata habari kutoka Michenga. Mama alikuwa ameshavuna, mpunga umelala ndani ya nyumba ukiwa mbichi, mvua zimegoma kuisha. Umeanza kupata joto, alisema, ukitia mkono unahisi kama umeingiza kwenye pumba zinazochacha. Mikeka ilikuwa imeota ukungu. Huo ndio ulikuwa mpunga wa chakula cha mwaka mzima, na ada ya mdogo wangu ilikuwa humo humo. Jua lilikuwa limetoka siku hiyo asubuhi, na hakuna aliyejua litakaa siku ngapi.

Nilimtafuta Masanja. Familia yake ni Wasukuma waliohamia bondeni na ng'ombe, yeye alikuwa mbebaji wa marobota ya makapi kwetu, na alikuwa na mkokoteni. Kwa kawaida tulitaniana kuhusu ng'ombe wake na mashamba yetu. Siku hiyo alisikiliza tu.

"Ni la kazini hilo," akasema.

"Siku mbili tu. Litarudi."

"Likirudi chafu?"

"Nitalipiga vumbi."

Akakuna kichwa, akaenda kufunga ng'ombe.

Tulilitandaza uani kwa mama juu ya majani ya migomba. Kwa kuwa lilikuwa kama mkanda, lilikaa tabaka mbili, moja juu ya jingine. Nikakunja kingo za pande zote mbili upana wa shubiri, kama tunavyofanya punje zisivingirike, tukamwaga mpunga. Jua likawaka siku mbili kamili. Mama aligeuza mpunga kwa miguu, akienda na kurudi, akiimba kwa Kipogoro nyimbo ambazo huwa haziimbi akiwa na wasiwasi. Nilimwangalia nikajiona mtu mwenye akili sana.

Kabla ya kulirudisha nililipiga kwa fimbo mpaka mikono ikauma. Vumbi lile la mpunga linalowasha shingoni liliruka, nikalisugua kwa ufagio, nikalitazama kwenye mwanga. Jeupe. Nilichokuwa sikijua ni kwamba kwa kila pigo nilikuwa natoa vumbi la juu na kushindilia la ndani.

Mashine iliwashwa siku ya Jumatatu, na karatasi ilikatika kabla ya chai. Tukaiunga, ikakatika tena. Ilikuwa inatoka kwenye rola imevurugika, ina mabaka, na ikivutwa kuelekea kwenye ngoma inachanika. Mzee Komba alizunguka mashine nzima. Pwani ilikuwa mahali pake, kwa hiyo wavu hauna kosa. Akafinya rojo kiganjani, maji yakatoka vizuri, kwa hiyo makapi hayana kosa. Akasimama mbele ya rola akiwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Blanketi linaumwa," akasema.

Meneja wetu alikuwa mgeni, ana miezi miwili, na wateja walikuwa wanampigia simu kila saa. Akanigeukia. "Roza, blanketi lilioshwa?"

"Lilioshwa," nikasema. Na lilikuwa limeoshwa kweli, na saini yangu ilikuwepo. Sikuwa najua kwamba nadanganya, lakini nakumbuka nilijibu haraka kuliko ilivyohitajika.

Meneja akaagiza rola zikazwe. Mzee Komba akasema zikikazwa hali itakuwa mbaya zaidi, zilegezwe. Zikakazwa, ikawa mbaya zaidi. Usiku uliofuata Mzee Komba akazilegeza bila ruhusa, mashine ikaenda kwa shida lakini ikaenda, na karatasi ikafika kwenye ngoma ikiwa mbichi kiasi cha kumaliza kuni za siku mbili. Siku ya tatu meneja alisema mbele yetu kwamba mzee amechoka, macho yamefifia, na kiganja si kifaa cha kiwanda. Akampeleka uwanjani kusimamia marobota ya makapi. Barua ya kumwondoa kabisa, alisema, itafuata mwisho wa mwezi kama hesabu za hasara zitathibitisha.

Vyeo sikupanga kuviandika humu, kwa sababu havifundishi mtu kutazama pwani. Lakini hiki kimoja lazima nikitaje: aliyewekwa kwenye nafasi ya Mzee Komba nilikuwa mimi.

Nilisimama pale nilipokuwa namwona yeye akisimama, nikaanza kutazama kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Ndipo nikaona kitu. Mabaka hayakuwa kila mahali. Karatasi ilikuja nzuri kipande kirefu, ikaja mbovu kipande kirefu, ikaja nzuri tena. Nikachukua futi ya fundi seremala, nikapima kutoka mwanzo wa ubovu mmoja hadi mwanzo wa ubovu mwingine. Nikapima mara tatu. Kila mara urefu ulikuwa sawasawa na mzunguko wa blanketi. Nusu ya blanketi ilikuwa inakunywa maji, nusu ilikuwa haitaki.

Nilifurahi, nasema kweli. Furaha ya kugundua kitu ni tamu hata kama hujajua kitakupeleka wapi. Nikasimamisha mashine, nikachukua kikombe cha maji nikamwaga polepole juu ya blanketi. Kwenye nusu iliyo nzima maji yalizama. Kwenye nusu ya pili yalisimama juu kama kwenye udongo wa mfinyanzi, yakatambaa kuelekea ukingoni, na yalipofika ukingoni yakazama ghafla. Nikamwaga ukingo wa pili, yakazama vilevile. Kingo zote mbili zilikuwa safi, upana wa shubiri.

Nikaweka kiganja changu juu ya ukingo ule. Shubiri yangu ililingana nao kabisa. Mkono uliokunja kingo zile Michenga ndio huo uliokuwa umelala pale. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikachomoa kwa kucha kitu kidogo kati ya nyuzi: ganda la punje ya mpunga.

Ningependa kuwaambia kwamba nilienda moja kwa moja kwa meneja. Sikwenda. Nilimtuma mtu magadi, nikachemsha maji, nikaliosha blanketi taratibu nusu siku nzima, rola zikiwa zimelegezwa, hadi maji ya kahawia yakaacha kutoka. Jioni mashine ilikwenda vizuri. Meneja akaja, akashika karatasi, akacheka. "Mmeona?" aliwaambia wenzangu. "Tatizo lilikuwa mkono tu." Wenzangu wakanipongeza. Nilitamani sakafu ile yenye maji inimeze.

Kesho yake wakati wa chakula nilimfuata Mzee Komba uwanjani. Alikuwa amekaa kwenye robota, amechana makapi, anatenganisha kwa vidole moyo wa muwa na nyuzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia blanketi linakwenda."

"Linakwenda."

"Ulifanyaje?"

"Nililiosha kwa magadi."

"Lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Vumbi." Akanitazama, akasubiri. Nikaangalia chini. Akarudi kwenye makapi yake. "Njoo uone hii," akasema, "huku nje kuna mengi nilikuwa siyajui." Na akanieleza, kwa utulivu kabisa, jinsi robota lililonyeshewa linavyoshika maji katikati hata kama nje limekauka. Sikusikia hata neno. Nilikuwa nawaza kwamba mtu huyu ananifundisha bado, na mwisho wa mwezi umebaki siku nane.

Nilisema siku iliyofuata, asubuhi, wakati zamu zinapokezana na watu wote wapo. Sikuwa na hotuba. Nilisema blanketi lilianikiwa mpunga Michenga, nililichukua mimi, na Mzee Komba alikuwa sahihi tangu saa ya kwanza. Meneja aliuliza nililibebaje peke yangu, kitu kizito vile. Kutoka nyuma Masanja akasema, "Mkokoteni ulikuwa wangu." Hakuna aliyemtaja, na angeweza kukaa kimya hadi leo.

Tulipewa barua za onyo wote wawili, na jina langu likafutwa kwenye orodha ya mablanketi. Mzee Komba alirudi kwenye mashine siku hiyo hiyo. Meneja alimwomba radhi, kwa sauti ndogo, lakini alimwomba. Mimi nilimfuata mzee nikaanza, "Mzee, nisamehe," naye akanikatiza. "Pwani imesogea," akasema. Nikageuka, kweli ilikuwa imesogea. Tukaenda kuirekebisha.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingine tisa. Alinifundisha kupima unyevu kwa kusikiliza karatasi inavyolia ikikunjwa, na kujua blanketi linaloanza kuziba kwa mlio wa maji chini ya rola kabla jicho halijaona. Hata siku moja hakulitaja jambo la mpunga. Nilijua amelijua, wenzetu wote walilijua, lakini ukimya wake ulinikaa kama lile vumbi. Sikujua kama amenisamehe au ameamua tu kwamba kazi ni muhimu kuliko mimi. Alipostaafu akaenda kuishi kijiji cha Mbingu kwa binti yake, na sikumuuliza.

Siku ya kuniaga mimi, mnakumbuka, mlinipa blanketi lililochakaa. Mlicheka sana, maana wakongwe walikuwa wamewasimulia. Na mimi nilicheka. Wiki iliyofuata nilikata kipande kikubwa, nikakikunja, nikapanda basi kwenda Mbingu.

Mzee Komba amezeeka. Macho sasa yamefifia kweli. Nilimwamkia, nikaweka kipande kile mapajani mwake. Alikipapasa kwa kidole gumba, akakikunja, akakileta karibu na sikio kama anakisikiliza.

"La rola ya pili," akasema.

"La pili, mzee."

"Mlilitunza."

Binti yake alileta chai. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Ifakara, nikaanza kwa kukoroga sukari. Ndipo akauliza, akiwa bado ameshika blanketi, kana kwamba ni jambo la juzi:

"Ule mpunga wa mama yako, ulikauka?"

"Ulikauka, mzee. Haukupotea hata debe."

Alitikisa kichwa kwa kuridhika, vilevile alivyokuwa akifanya maji yalipopita vizuri kati ya vidole vyake.

"Afadhali," akasema. "Ingekuwa hasara mara mbili."